Kuongeza chumba mlimani Mabatini

Dada, umeuliza kama milioni 6 zitatosha kuongeza chumba na choo nyuma ya nyumba yako kule mlimani Mabatini, Mwanza. Kabla ya kuhesabu tofali, hesabu mlima. Gari linashusha mchanga na saruji barabarani. Kutoka pale hadi kwako ni mabega ya vijana, ndoo kwa ndoo, na kila safari inalipwa. Mimi nilisahau hilo kule Igogo, hela ya bati ikaishia kwenye kubebesha kokoto. Iliniuma sana. Halafu fundi achimbe kwanza mashimo mawili matatu: mkikuta mwamba, kuupasua ni gharama, ingawa mawe yake utayajengea msingi. Tenga angalau moja ya kumi ya hela yako pembeni kwa dharura, usiiguse. Na kibali cha ujenzi kipate kabla msingi haujaanza, tafadhali.