Chokoleti na huzuni ya kupoteza biashara: namjibu dada wa Ujiji

Juzi dada mmoja wa Ujiji kaniandikia kwamba tangu duka lake lifungwe hana raha, na rafiki yake kamshauri ale chokoleti, huzuni itakwisha. Anauliza kama ni kweli.

Dada yangu, hayo nimeyapitia. Mwenzangu wa biashara ya asali hapa Tabora aliondoka na mtaji msimu ukiwa ndio unaanza, madumu matupu, wateja wa Dar wananipigia simu. Mpaka leo nikimwona sokoni salamu hainitoki. Kipindi kile nilikuwa nakula chokoleti kila usiku, na sikudanganyi, nilipata nafuu. Ikiyeyuka mdomoni, kifua kinalegea. Ikiisha, mawazo yanarudi palepale.

Nikaanza kusoma. Kokoa ina theobromini na kafeini kidogo, ndiyo maana unachangamka. Ile kemikali nyingine ya kokoa, feniletilamini, inayosifiwa kuleta hisia za mapenzi, mwili huivunja karibu yote kabla haijafika kwenye ubongo. Mwaka 2019 watafiti wa University College London walichambua taarifa za watu wazima 13,626 wa Marekani: waliokula chokoleti nyeusi hawakuwa na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, kwa wingi kama wasioila. Ila hilo halithibitishi kwamba chokoleti ndiyo iliyowakinga. Mwenye sonona huweza kukosa hamu hata ya vitu vitamu.

Kwa hiyo kula, lakini chagua nyeusi, yenye kokoa asilimia 70 au zaidi. Za maziwa sukari ndiyo nyingi. Kula mchana. Kafeini ya usiku inakunyima usingizi, na asiyelala huzuni humzidi.

Aliyeniinua mimi ni shangazi yangu wa Sikonge. Alinikopesha madumu, akawa ananikalisha kila jioni nimweleze yote mpaka machozi yanakauka. Leo asali yangu inapanda treni kwenda Dar kwa jina langu peke yangu! Ndugu zangu mnaohangaika na biashara, msijifungie ndani na vitu vitamu. Tafuteni mtu wa kumwambia. Semeni, jamani, semeni.

Nawe dada, kama chakula hakipiti na usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ya Maweni pale Kigoma, si mbali na kwako. Usimwambie daktari kwamba kichwa kinauma tu. Mweleze habari ya duka na huko kukesha.