Kichwa kinachoumia shingoni: je, tiba ya mikono huondoa inflamesheni?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Kichwa huniuma upande wa kulia tu, kuanzia kisogoni hadi nyuma ya jicho, na karibu kila siku nameza diklofenaki. Mtaalamu wa fiziotherapia hunishika shingo nikapata nafuu, akisema anaondoa inflamesheni (uvimbe unaotokana na mwili kujihami), lakini nilipopima damu CRP, protini inayopanda kukiwa na inflamesheni, ilikuwa ya kawaida. Je, ananitibu nini hasa?

JIBU: Marahaba, dada. Nafuu yako siitilii shaka. Maelezo uliyopewa ndiyo nisiyoyakubali yote. Neva za pingili tatu za juu za shingo hukutana na neva ya hisia za uso mahali pamoja, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, na ndiyo maana kiungo cha shingo kilichokakamaa huweza kusikika kama jicho linalouma. Kinapobonyezwa na kusogezwa taratibu, mfumo wa neva hupunguza ukali wa maumivu na misuli hulegea. Kuhusu inflamesheni, tafiti zilizopima viashiria vyake katika damu baada ya tiba hii ni ndogo na matokeo yake hayalingani. CRP yenyewe hutengenezwa na ini, na kiungo kimoja kidogo cha shingo si rahisi kuipandisha, kwa hiyo usiitumie kupimia tiba yako.

Mwombe mtaalamu apime jinsi shingo inavyogeuka: ulale chali, aikunje shingo mbele mpaka mwisho, kisha akigeuze kichwa kila upande. Kwa kawaida hufika nyuzi 40 na zaidi. Upande unaokwama karibu na 30 ndio wenye kasoro, nao upimwe tena baada ya matibabu.

Mikono pekee haitoshi. Utafiti wa Australia wa mwaka 2002, wenye washiriki 200, ulionyesha kwamba tiba ya mikono na mazoezi ya misuli ya ndani ya shingo vilipunguza maumivu, na nafuu hiyo ilidumu mwaka mzima. Ukiwa chali, shusha kidevu kidogo kama anayeitikia, bila kuinua kichwa, ushikilie sekunde 10, urudie mara 10. Na kiti cha cherehani kiwe cha kimo kisichokulazimisha kuinamia sindano kutwa nzima.

Diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa dawa ya maumivu ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa, mbali na madhara ya tumbo na figo; panga na daktari namna ya kuipunguza.

Kichwa kikiuma ghafla kwa ukali usiowahi kuupata, au ukipata homa na shingo ngumu, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito au ganzi ya upande mmoja, usiende kushikwa shingo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.