Kusimamia utekelezaji wa usalama wa mtandao serikalini: jibu kwa ndugu wa Nakuru

Ndugu wa Nakuru, umesema umekuwa fundi wa kompyuta katika hospitali ya umma kwa miaka kadhaa, na sasa umeona tangazo la kazi ya meneja wa utekelezaji katika mradi wa serikali wa usalama wa mtandao. Unauliza kama ni lazima uwe mdukuzi hodari, siku ya kazi huwaje, na kama inafaa kuacha ajira ya kudumu uliyo nayo. Kazi hiyo nimeifanya hapa Kisumu na kaunti za jirani, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona. Ofisi zenyewe sitazitaja.

Nianze na udukuzi. Huhitaji kujua kuvunja mfumo, kwa sababu timu itakuwa na watu wa kufanya hivyo. Wewe unahitaji kusoma ripoti yao ukaielewa, ujue kila shimo, yaani kila udhaifu kwenye mfumo, linamweka nani hatarini, na umuulize mhandisi maswali bila haya mpaka akueleze kwa maneno ambayo hata afisa wa fedha atayaelewa. Ukweli ni kwamba ofisi nyingi za serikali zinayajua mashimo yake. Yameandikwa kwenye ripoti ya mkaguzi ya mwaka jana, na yalikuwa kwenye ripoti ya mwaka juzi. Kinachokosekana ni mtu aliyeajiriwa kuhakikisha yanazibwa: anayejua ni nani anapaswa kusaini, pesa zitoke fungu gani, huduma gani itasimama wakati wa marekebisho, na ni nani aambiwe mapema. Mtu huyo ndiye meneja wa utekelezaji.

Soma kisa cha WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za kompyuta duniani kote na kudai fidia, ukielewe vizuri. Microsoft walitoa sasisho la kuziba shimo ambalo programu hiyo ilipitia tarehe 14 Machi 2017. Shambulio lilikuja tarehe 12 Mei mwaka huo huo, karibu miezi miwili baadaye. Kule Uingereza takriban theluthi moja ya mashirika yanayoendesha hospitali za umma yaliathirika, miadi ya wagonjwa ikafutwa na ambulensi nyingine zikaelekezwa kwingine. Dawa ilikuwepo na tahadhari ilikuwa imetumwa. Wewe unayefanya kazi hospitalini unaona mara moja ugumu ulikuwa wapi. Kompyuta za wodi hazilali. Mashine ya picha inaendeshwa na programu ya zamani ambayo muuzaji hataki iguswe. Nani atazima, saa ngapi, na mgonjwa atakayefika saa hiyo atahudumiwa vipi? Maswali hayo hayajibiwi na mdukuzi.

Hapa kwetu Kenya tunakumbuka Julai 2023. Mfumo wa eCitizen, ambao serikali inautumia kutoa huduma mtandaoni, ulielemewa na maombi bandia yaliyomiminwa kwa mpigo, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likasema ndilo lililofanya hivyo. Wasafiri walikwama na maombi ya viza, wengine wakashindwa kukata tiketi za treni au kununua tokeni za stima. Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea. Lakini mwananchi aliyekuwa gizani hakuuliza ni aina gani ya shambulio. Alitaka kujua huduma itarudi lini na afanye nini kwa sasa. Tangu wakati huo, kila mpango nilioshiriki kuuandaa nimetaka uanze na swali hilo. Kama mfumo wa ushuru utalala saa mbili asubuhi siku ya soko, karani aliyesimama langoni atafanya nini? Vitabu vya risiti zenye nambari viko wapi, nani ana ruhusa ya kuvitoa, na malipo yataingizwaje mfumo ukirudi? Ukikuta mpango wa usalama ambao haumtaji karani huyo, bado haujakamilika.

Sasa siku ya kazi. Asubuhi timu inakutana kwa muda mfupi mbele ya ubao wa kazi: nini kimeisha, nini kimekwama, na kimekwama kwa nani. Baada ya hapo nusu ya siku yako ni simu na kwenda ofisi za watu. Nitakupa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndio ulionifundisha kazi yenyewe.

Ripoti ya ukaguzi wa hospitali moja ya kaunti ndogo ilisema makarani wote wa mapokezi wanatumia akaunti moja na paswadi moja, iliyobandikwa kando ya skrini. Pendekezo lilikuwa sentensi moja: kila mtumishi apewe akaunti yake na uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswadi kisha kithibitisho cha pili kama nambari inayotumwa kwa simu. Kwenye karatasi ni kazi ya wiki moja. Wahandisi walikuwa tayari kuwasha mpangilio huo siku yoyote.

Niliomba kwanza tuketi pale mapokezi tuangalie. Tukaona kwamba fomu ya kufungua akaunti mpya ilikuwa lazima isafiri hadi makao makuu ya kaunti na kusainiwa na watu kadhaa. Karani wa mkataba wa miezi mitatu angemaliza mkataba akiwa bado anaisubiri. Kwa hiyo wenzake walimwazima ile yao, maana bila hiyo mgonjwa hasajiliwi. Tukaona pia kwamba kubadilisha mtumiaji kulimaanisha kufunga mfumo na kuufungua upya, na ulifunguka polepole sana. Karani akienda kunywa chai na mwenzake akashika dirisha, kina mama wenye watoto wagonjwa wangebaki wamesimama wakitazama skrini tupu. Halafu kuna zile nambari za kuthibitisha zinazotumwa kwa ujumbe wa simu. Nyuma ya jengo lile mtandao wa simu haushiki. Mmoja alikuwa amebadilisha laini, mwingine simu yake ilikuwa kwa fundi. Kama tungewasha uthibitisho wa hatua mbili siku ile, mapokezi yangesimama kabla ya saa nne, na kufikia mchana mtu angekuwa ameshaamuru uzimwe. Baada ya hapo hakuna ambaye angekubali ujaribiwe tena.

Kwa hiyo kazi ikageuka. Nilikaa na afisa wa rasilimali watu mpaka tukakubaliana kwamba orodha ya wanaoajiriwa iwafikie watu wa kompyuta siku ile ile ya kusaini mkataba, na kwamba akaunti ifungwe yenyewe mkataba ukiisha. Mamlaka ya kufungua akaunti yakaletwa hospitalini, chini ya watu wawili. Badala ya nambari za simu tukanunua funguo ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta, ambazo hazihitaji mtandao wa simu. Mtengenezaji wa mfumo akarekebisha namna ya kuingia ili kubadilisha mtumiaji kusichukue muda. Na kabla ya kuwapa wote, tulijaribu dirisha moja tu, siku isiyo na kliniki kubwa. Sista msimamizi alikuwa ameniambia waziwazi, "Kijana wangu, adui yangu ni foleni. Ukinionyesha haitarefuka, hawa wote nitawasimamia mwenyewe." Alipoona haikurefuka, alifanya hivyo kweli. Kazi ilichukua miezi badala ya wiki, lakini mpaka leo kila karani anaingia kwa jina lake, na faili la mgonjwa likifunguliwa inajulikana ni nani amelifungua. Kwa mgonjwa anayetibiwa maradhi ambayo hataki jirani ayajue, hilo ni jambo kubwa.

Jambo la pili litakalokula muda wako ni pesa, hasa kalenda yake. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na fedha za kaunti mara nyingi huchelewa kufika kutoka Hazina ya Kitaifa. Leseni ya fayawoli, kifaa kinachozuia wavamizi kuingia kwenye mtandao wa ofisi, ikiisha Agosti, utaingia Oktoba ukiwa na kifaa kinachowaka taa lakini hakipokei tena taarifa za mashambulio mapya. Nimeona ofisi zikiishi hivyo kila mwaka, zikidhani ni ukaidi wa watu wa ununuzi. Si ukaidi. Afisa wa ununuzi amefungwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, na hawezi kulipia kitu ambacho hakimo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Kaa naye wakati mpango huo unaandaliwa, usimfuate baada ya leseni kuisha. Jadili na muuzaji ili tarehe ya kuisha isogezwe hadi Machi au Aprili, wakati ambapo fedha kwa kawaida zimeshafika. Kila penye uwezekano omba mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja. Nakusihi umheshimu afisa wa ununuzi, maana miradi mingi niliyoona ikifanikiwa ilikuwa na mmoja aliyeshirikishwa tangu mwanzo.

Kuhusu bakapu, yaani nakala za akiba za data, nitasema kidogo tu. Eneo hili letu, kuanzia hapa ziwani kupanda hadi Kakamega na Kisii, lina radi nyingi, na stima hupotea bila taarifa. Weka zoezi la kurejesha data kwenye kalenda kama kazi rasmi, na aliyehusika na hizo rekodi, kwa mfano karani wa masjala, ndiye athibitishe kwamba kilichorudi ni sahihi. Mhandisi atakuambia faili zimerudi. Karani ndiye atakayejua kwamba za wiki nzima hazimo.

Tukio likitokea, sheria inahesabu saa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inataka shambulio liripotiwe ndani ya saa 24 kwa kamati ya kitaifa ya kuratibu masuala ya uhalifu wa mtandaoni, ile tunayoiita NC4. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipofahamu kwamba data za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa na zinaweza kuwaletea madhara. Saa hizo zinaisha haraka mno kama siku ya kwanza mnaitumia kutafuta nani ana mamlaka ya kuandika barua. Andaeni barua zote mbili mapema, zenye nafasi za kujaza, na jina la atakayesaini pamoja na la mwingine iwapo yuko safarini.

Na hapa nina msimamo ambao siubadilishi. Mtumishi aliyebonyeza kiungo kibaya asiadhibiwe kwa kusema. Karani wa malipo katika ofisi moja alifungua ankara bandia mwishoni mwa Juni, wakati wasambazaji wanapiga simu kutwa wakidai walipwe. Wahalifu waliuchagua wakati huo kwa makusudi, na yeyote kati yetu angeifungua. Yule dada alipiga simu papo hapo, kompyuta yake ikatolewa kwenye mtandao, na kazi ikaendelea kwa wengine wote. Alipiga kwa sababu mkuu wa idara alikuwa ametamka hadharani, mbele ya watumishi wote, kwamba anayeripoti mapema hatapewa barua ya kujieleza. Ahadi hiyo tuliipigania katika mikutano mingi kuliko kifaa chochote tulichonunua. Katika ofisi ambayo watu wanaogopa barua, utaletewa habari siku tatu baadaye, wakati tayari mmechelewa.

Swali lako la tatu ni gumu zaidi, nami sitakuficha. Nyingi za kazi hizi ni za mkataba, na baadhi zinalipwa na wafadhili. Mradi ukiisha mkataba unaisha. Una familia na mkopo? Pima hilo kwanza, au uliza kama mwajiri wako anaweza kukuazima kwa mradi huku nafasi yako ikibaki. Kama unachokipenda ni kufungua mashine na kuandika amri, baki upande wa uhandisi, kwa sababu huku hutashika kibodi sana. Lakini kama kinakuuma kuona pendekezo lile lile likirudi mwaka baada ya mwaka bila kufanyiwa kazi, na una subira ya kukaa na sista, karani na mhasibu mpaka mwelewane, tunakuhitaji. Hospitali imeshakufundisha jambo ambalo wengi wa fani hii hulijua wakiwa wamechelewa, kwamba huduma haiwezi kusimama ili mfumo utengenezwe.

Vyeti vya usimamizi wa miradi vitakusaidia kuitwa, na kukijua kiwango cha ISO 27001, kile cha kimataifa cha kusimamia usalama wa taarifa, kutakusaidia kueleweka. Mwajiri akiwa ni serikali, tayarisha mapema cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi), na vibali vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu) na EACC (tume ya kupambana na ufisadi), maana foleni ya kuvitafuta huwaangusha watu wazuri.

Ukiitwa kwenye usaili, waulize nani ana mamlaka ya kuagiza huduma izimwe usiku wa manane mfumo ukivamiwa, na kama mtu huyo anajua kwamba ni yeye. Waulize pia mradi ukiisha nani atalipia leseni, na kama fungu hilo limeshaingizwa kwenye bajeti ya idara au bado liko kwa mfadhili. Ukijibiwa kwa cheo kinachojulikana na fungu la bajeti, chukua kazi. Wakitazamana, omba muda wa kufikiria, kisha urudi hapa utueleze walisemaje.