Taa ya presha ya oili inawaka mashine ikipata moto: ni taa au ni injini?

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni opereta wa eskaveta kwenye machimbo ya kokoto huku Lugoba. Mashine ina injini ya Cummins 6BT ya lita 5.9, na imeshakula saa nyingi za kazi. Wiki ya tatu sasa taa nyekundu ya presha ya oili inanisumbua. Asubuhi haiwaki. Ikifika saa nne au saa tano, mashine imeshapata moto, nikishusha resi taa inawaka na kengele inalia. Nikipiga resi inazima. Oili nimepima kwa stiki, ipo. Swichi tumebadilisha mara mbili. Juzi alikuja fundi akachomoa waya wa swichi, taa ikazima, akasema tuendelee na kazi. Mwenye mashine ameridhika, ila mimi roho haijatulia. Ni taa au ni injini?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Hujakosea kuwa na wasiwasi. Naomba mashine hiyo isiwashwe kwa kazi mpaka waya urudi mahali pake na presha ipimwe kwa geji. Kipimo chenyewe hakifiki nusu siku. Injini ikinoki, mnasimama wiki na gharama yake ni krankshafti, beringi na fundi wa kuifungua yote.

Ulivyoeleza dalili umenirahisishia kazi, kwa hiyo nianzie hapo.

Swichi ya presha ya oili kwenye injini za aina hii ni kitu rahisi sana. Ndani ina kiwambo chembamba na kituo cha umeme. Injini ikiwa imezimwa, presha hakuna, kituo kinagusa bodi, umeme unapita na taa inawaka. Ndiyo maana ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini taa lazima ionekane. Injini ikiwaka, oili inasukuma kiwambo, kituo kinaachana na bodi, taa inazima. Waya ni mmoja tu; upande wa pili wa umeme ni nyuzi za swichi yenyewe zilizofungwa kwenye chuma cha injini.

Sasa, fundi wenu alipochomoa waya na taa ikazima, alifanya kipimo pasipo kukusudia. Kama waya ungekuwa umechunika na kushoti na bodi njiani kuelekea kwenye dashibodi, taa ingeendelea kuwaka hata baada ya kuchomolewa kwenye swichi. Imezima, kwa hiyo waya hauna shoti. Swichi mbili mpya zimetoa dalili ileile, kwa hiyo si rahisi zote ziwe mbovu kwa namna moja. Na taa inafuata resi na joto, haifuati mitikisiko. Tatizo la waya huja mashine inapopita kwenye mashimo au sehemu ya juu ya mashine inapozunguka. Halisubiri oili ipate moto.

Yanabaki mambo mawili. Ama presha ya oili inashuka kweli injini ikiwa ya moto na resi ya chini, ama swichi mlizofunga si za injini hiyo. Nikilazimika kuchagua kabla ya kupima, naegemea la kwanza. Lakini hakuna haja ya kuchagua, maana geji ipo.

Tafuta geji ya presha ya mkono ya kusoma mpaka psi 100 (psi ni kipimo cha presha), mpira wake, na adapta ya nyuzi zinazolingana na tundu la swichi. Usilazimishe nyuzi zisizolingana. Ukiharibu tundu hilo kwenye bloku umejiletea kazi nyingine. Simamisha mashine mahali tambarare, bakuli chini, mkono wa usalama unaozuia mashine kusogea umefungwa, ufunguo utoke na ukae mfukoni mwako. Safisha kuzunguka swichi ili vumbi la kokoto lisiingie ndani. Fungua swichi, funga geji, upitishe mpira mbali na feni, mkanda na turbo. Mpira ukigusa turbo utaungua na oili ya moto itakurukia.

Washa. Geji isipopanda ndani ya sekunde 15, zima hapohapo. Ikipanda, iache ifanye kazi mpaka ipate moto uleule unaoupata saa tano. Wengi wanaharibu kipimo hapa. Wanapima asubuhi, oili ikiwa nzito, geji inasoma vizuri, wanasema injini nzima. Oili ya baridi inaficha beringi zilizokwisha. Tatizo lako ni la saa tano, kwa hiyo pima saa tano.

Kwa 6BT, injini ikiwa ya moto, presha isiwe chini ya psi 10 kwenye resi ya chini kabisa, na isiwe chini ya psi 30 kwenye resi ya kazi. Kwa geji ya bar ni kama 0.7 na 2. Hizo ni namba za mwisho kabisa. Injini yenye afya husoma juu yake. Andika zote mbili, kwa sababu taa inakuambia habari ya moja tu. Swichi haijui injini iko kwenye resi gani. Injini inayosoma psi 14 ikiwa kwenye kazi nzito iko hatarini, lakini taa itakuwa imezima kimya, kwa kuwa swichi inawasha taa presha ikishuka chini ya kiwango kimoja tu kidogo. Taa kuzima ukipiga resi si cheti cha uzima.

Tuseme namba zote mbili ni nzuri. Basi swichi ndiyo yenye kosa, na hapo angalia mlinunua nini. Madukani swichi nyingi zinafanana kwa umbo na nyuzi, lakini moja hufungua kwenye psi 5 na nyingine inahitaji psi 15 au zaidi. Ukifunga hiyo ya pili, injini nzima kabisa yenye psi 12 ya resi ya chini itawasha taa kila siku. Mara nyingi kiwango kimechapwa kwenye chuma cha swichi kwa bar. Pasipo na maandishi, ipeleke kwa fundi wa matairi mwenye kompresa yenye kidhibiti cha presha. Weka maltimita kwenye ohm, ncha moja kwenye pini, nyingine kwenye bodi ya swichi. Bila upepo isome karibu na sifuri. Ongeza upepo polepole na uone mawasiliano yanakatika kwenye psi ngapi. Ikiwa pini ina unyevu wa oili, itupe, kiwambo kimepasuka. Na usizungushe tepu nyeupe nyingi kwenye nyuzi wakati wa kuirudisha. Erthi yake inapita humo, na tepu ikizuia erthi taa haitawaka kamwe, hata siku injini inakufa.

Tuseme sasa namba ni ndogo. Usikimbilie kufungua injini. Anza na oili yenyewe. Umesema ipo kwenye stiki, imepanda? Nusa stiki. Ikinuka dizeli, au kiwango kimezidi alama ya juu bila mtu kuongeza, dizeli inaingia kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, na kuifanya oili nyepesi kama maji. Kwenye 6BT pampu ndogo ya kuvuta dizeli iliyofungwa ubavuni mwa bloku ni mshukiwa wa kwanza, na sili ya shafti ya pampu ya nozeli inafuata. Dalili yake ni hiyohiyo yako: asubuhi nzuri, ikipata moto inashuka. Ukikuta hivyo, ziba uvujaji kwanza, kisha mwaga oili na filta, weka oili ya injini za dizeli yenye uzito wa 15W-40, upime tena. Muulize pia aliyefanya sevisi ya mwisho aliweka oili gani. Nimeshakuta mashine iliyojazwa oili ya haidroliki kwa sababu ndoo zilifanana.

Oili ikiwa safi, angalia valvu ya kudhibiti presha. Iko chini ya plagi kwenye kifuniko cha kipoza oili, jirani na filta: pistoni ndogo na springi. Uchafu ukiibana ikiwa wazi, oili inarudi kwenye sampu badala ya kwenda kwenye beringi. Itoe, isafishe, ihakikishe inateleza bila kukwama. Kazi yake ni ya saa moja, na watu hufungua injini nzima kabla ya kuigusa.

Hapohapo toa filta na uikate. Tandaza karatasi yake juani. Chembe zinazovutwa na sumaku ni chuma. Lakini zinazonitisha ni zile zisizovutwa, zenye rangi ya shaba. Tabaka la juu la beringi za krankshafti huwa ni la rangi ya kijivu, na shaba iko chini yake. Ukiona shaba, tabaka la juu limeshaisha. Hapo mazungumzo ya taa yamekwisha. Sampu ishuke, beringi zikaguliwe, na pampu ya oili pamoja na bomba lake la kuvutia vikaguliwe hapohapo.

Zamani nilikuwa kwenye kazi ya barabara, greda moja ikawa na taa kama yako. Waya ulikatwa na mashine ikarudi kazini, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mdogo na waliokata walikuwa wakubwa zangu. Siku ya nne beringi ilijisokota kwenye krankshafti katikati ya kilima. Opereta ndiye aliyeulizwa kwa nini hakuangalia taa. Kwa hiyo mwambie mwenye mashine kwa maandishi kwamba waya umechomolewa, na tarehe uweke. Ujumbe wa simu unatosha.

Kwa wengine wenye dalili tofauti na hii, kwa ufupi. Taa isiyowaka kabisa ukifungua ufunguo ni mbaya kuliko inayowaka muda wote: chomoa waya, uguse kwenye chuma safi cha injini, taa ikiwaka, swichi au erthi yake ni mbovu, isipowaka waya umekatika au balbu imeungua. Taa inayochezacheza kwenye makorongo, fuata waya kwa mkono kuanzia swichi, hasa unapopita karibu na stata, turbo na pale unapoingia kwenye kebini. Iliyoanza baada ya kuosha mashine kwa maji ya presha, kausha plagi kwanza. Taa inayowaka mashine ikiinama kwenye mteremko mara nyingi ni oili pungufu. Na mashine za kisasa zenye senza ya waya tatu badala ya swichi, usiguse waya wowote kwenye bodi kwa kujaribu. Mmoja wapo unabeba volti 5 kutoka kwenye kompyuta ya injini, na unaweza kuua kitu cha bei kuliko senza. Hizo zinapimwa kwa mchoro wake, ingawa geji ya mkono inafaa huko vilevile.

Ukishapima, niandikie namba mbili, ya resi ya chini na ya resi ya kazi, pamoja na joto lililokuwa kwenye dashibodi. Picha ya filta iliyokatwa ipige juani, si kivulini, ili rangi ya chembe ionekane.