Waziri mkuu anapolifunga bunge ili akwepe kura

SWALI: Shikamoo Wakili. Nafundisha Uraia sekondari hapa Tukuyu. Kidato cha nne wamenibana: kama waziri mkuu anawajibika kwa bunge, ilikuwaje yule wa Canada mwaka 2008 akalisitisha (yaani akasimamisha vikao vyake kwa muda bila kulivunja) zikiwa zimebaki siku chache apigiwe kura ya kutokuwa na imani? Rais wetu naye anaweza?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Chama cha waziri mkuu huyo, Stephen Harper, kilikuwa na viti 143 kati ya 308. Vyama viwili vya upinzani vikasaini makubaliano ya kuunda serikali, cha tatu kikaahidi kuviunga mkono, na kura ilitarajiwa Desemba 8. Desemba 4 Harper alikwenda kwa Gavana Mkuu, Michaëlle Jean, mwakilishi wa Malkia, akaomba bunge lisitishwe. Alikubaliwa baada ya mazungumzo ya zaidi ya saa mbili, na bunge likarudi Januari 26, 2009. Kufikia hapo upinzani ulishagawanyika, akabaki madarakani.

Kisheria alikuwa na nguvu hiyo, lakini naona alikosea sana. Ni sawa na mwenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima) ya kahawa kule Mbozi kufunga mkutano mkuu pale tu wanachama wanapoomba kura ya kumwondoa. Bunge likisitishwa, miswada ambayo haijapita hufa na kamati haziketi, kwa hiyo hata maswali hayana pa kuulizwa. Tena aliyeonja mara moja hurudia: Desemba 30, 2009 Harper alilisitisha tena, wakati wabunge wakidai nyaraka kuhusu wafungwa wa Afghanistan.

Uingereza mahakama iliingilia. Septemba 24, 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja kwamba waziri mkuu Boris Johnson alivunja sheria alipolisitisha bunge, kwa sababu alilizuia kufanya kazi yake bila sababu ya msingi. Hicho ndicho kipimo ningependa wanafunzi wako wakishike: serikali iliyosababisha bunge lisikae ndiyo inayopaswa kujieleza.

Kwetu, tarehe za mikutano ya Bunge huwekwa na Bunge lenyewe au Kanuni zake (ibara ya 92 ya Katiba), ukiacha ule wa kwanza wa Bunge jipya. Nguvu kubwa ya Rais ni kulivunja, nayo ibara ya 90 imeiwekea masharti. Katika miezi 12 ya mwisho ana nafasi pana zaidi, ila si pale Spika anapokuwa amepokea taarifa rasmi ya kuanzisha mchakato wa kumwondoa Rais chini ya ibara ya 46A. Waliotunga kipengele hicho waliuona mtego wenyewe, nami nawashukuru.

Kinachonikera ni ibara hiyohiyo ya 90 kuruhusu Bunge livunjwe likikataa Bajeti. Mbunge wa Rungwe au wa Kilolo anapoitwa jina aseme ndiyo au hapana, anajua kwamba hapana zikiwa nyingi anaweza kurudi jimboni kuomba kura upya. Waulize wanafunzi kama huyo yuko huru kuikagua Serikali. Mimi nasema hayuko.