Re: Leseni ya fundi umeme wa jengo, nani alipe?

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, fundi wenu wa umeme leseni yake ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) inaisha, kamati ya jengo inataka alipe mwenyewe na mweka hazina keshaanza kusema atamkata kwenye mshahara.

Hapo kwenye kumkata msimamisheni kwanza. Sheria ya Ajira ya 2004 kifungu cha 28 hairuhusu kumkata mtu mshahara hivi hivi, lazima iwe imeruhusiwa na sheria au yeye akubali kwa maandishi. Halafu angalieni mkataba wake, baadae katiba ya chama chenu cha wamiliki.

Sisi Upanga tulibishana haya haya tukakubaliana hivi, leseni aliyokuja nayo ni yake maana ina jina lake na akiacha kazi anaondoka nayo, ila kuihuisha akiwa kwetu inatoka kwenye sevisi chaji, yaani michango ya wenye flati ya kuendesha jengo, kwasababu anayetaka fundi mwenye leseni ni jengo, pampu na jenereta ni za wote. Tuliandika pia kwamba akiondoka kabla ya mwaka anarudisha nusu ya hela ya kuihuisha, akasaini mwenyewe. Na jamani mtu analinda nyumba zenu zisiungue, msimsumbue kwa hela ambayo mkigawana kila flati haiumi.