Wasomaji Wanauliza: Picha za Wachumba Begani mwa Mlima

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mchumba wangu tutasafiri baada ya miezi mitatu, na katika safari hiyo tumetenga siku mbili kwa ajili ya kupanda mlima. Tungependa kupigwa picha zetu za uchumba huko huko, nami nikiwa nimevaa gauni jeupe refu, tumesimama kileleni wakati jua linachomoza. Mwenzangu amezoea milima, lakini mimi sijawahi kutembea kwa miguu zaidi ya saa moja mfululizo. Mpiga picha tumempata mtandaoni na hatujawahi kuonana naye. Tuanzie wapi? — Mchumba mwenye shauku

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa uchumba wenu, na ninashukuru kwamba umeuliza mapema, kwa sababu miezi mitatu inatosha kabisa kulipanga jambo hili vizuri. Nitaanza na ushauri ambao huenda usikufurahishe: msipange kupiga picha kileleni. Tafuteni bega la mlima, yaani mahali ambapo njia imeshapanda vya kutosha na mandhari yamefunguka, lakini kilele bado kiko juu yenu na kinaonekana. Mtu akisimama kileleni, mlima wenyewe uko chini ya nyayo zake, na kamera haiwezi kuonyesha kile anachokikanyaga.

Mimi na mwenzangu tulijifunza hilo kwa uchungu. Tulifika kileleni tumechoka hoi, mahali penye nafasi ya watu sita tukawa zaidi ya ishirini, na karibu kila picha tuliyorudi nayo ina anga tupu nyuma yetu pamoja na kiwiko cha mtu tusiyemfahamu. Picha tuliyoitundika ukutani ni moja tu, nayo ilipigwa tulipokuwa tunashuka, kwenye kona ya njia, kilele kikichungulia juu ya bega la mwenzangu na vumbi likiwa limetujaa hadi magotini. Hakuna aliyeipanga picha hiyo, na ndiyo maana nawasihi ninyi muipange.

Mkishachagua mahali, hesabuni saa kwa kurudi nyuma kuanzia kwenye mwanga. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliandika mwaka 1892 kanuni ambayo watembeaji wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye nguvu asiyesimama njiani, kwa hiyo kwako wewe, ambaye ndiyo kwanza unaanza, na kwa mpiga picha aliyebeba vifaa, ongezeni nusu ya muda huo. Tuchukue mfano wa kilele kilicho umbali wa kilomita 10 na mita 1,200 juu ya mahali mnapolala. Kanuni inatoa saa 4, nasi tunazifanya 6. Ikiwa jua linachomoza saa 12:30 asubuhi nanyi mnataka kuwa tayari dakika 45 kabla, itabidi mwondoke saa 5:45 usiku na kutembea gizani usiku kucha. Bega la mlima huo huo, kwa mfano likiwa kilomita 4 kutoka mnapolala na mita 450 juu yake, litawachukua takriban saa 2 na dakika 20, kwa hiyo mnaweza kuondoka saa 9:25 usiku mkiwa mmepata usingizi. Tofauti hiyo itaonekana machoni mwenu kwenye kila picha.

Kuhusu mwanga wenyewe, kuna mambo ambayo watu wengi husahau. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama likienda karibu wima, kwa hiyo ule mwanga mwororo wa rangi ya dhahabu hupita upesi, wakati mwingine kwa chini ya saa moja. Mkiwa mbali zaidi kaskazini au kusini katika majira ya joto, hudumu kwa muda mrefu zaidi. Isitoshe, saa ya macheo iliyoandikwa kwenye simu huhesabiwa kana kwamba upeo wa macho ni tambarare. Mlimani, ukingo ulio upande wa mashariki unaweza kulichelewesha jua kuwafikia, na ukingo wa magharibi unaweza kuwaweka kivulini mapema sana jioni. Kwa hiyo tazameni ramani, mjue bega mlilolichagua linaelekea upande gani: linaloelekea mashariki linafaa asubuhi, na linaloelekea magharibi linafaa jioni. Kama yote mawili yanawezekana, mimi nitachagua asubuhi bila kusita, kwa kuwa katika milima mingi mawingu na radi hujikusanya kuanzia mchana, na anayeshuka asubuhi ana siku nzima ya mwanga mbele yake.

Kwa kuwa mna siku mbili, siku ya kwanza iwe ya kutembea bila gauni na bila haraka. Pandeni hadi mahali hapo mchana, mkague ardhi, mwone upepo unatoka wapi na ukingo uko umbali gani, kisha mrudi kulala. Siku ya pili ndiyo ya picha. Kama mvua ikiharibu siku moja, ile nyingine inabaki kuwa akiba, na ninyi hamtalazimika kupanda katika hali mbaya kwa sababu tu mpiga picha ameshalipwa.

Sasa gauni. Usipande mlima ukiwa umelivaa. Likunje kwa kulizungusha, ulitie kwenye mfuko usiopitisha maji, na ulivae mkishafika, huku mwenzako akikukinga kwa shuka kubwa. Kitambaa chepesi kama shifoni hukubali upepo na kupendeza, ilhali gauni zito lenye mkia mrefu huzoa matope, hunasa kwenye mawe na linaweza kukuangusha. Ndani yake vaa suruali ya kubana ya kuhifadhi joto, na miguuni baki na viatu vyako vya kupandia. Wapo wanaoona haya viatu hivyo kuonekana kwenye picha, lakini mimi ninaviona kuwa ndivyo vinavyosema ukweli kwamba mlifika huko kwa miguu yenu. Kumbuka kwamba halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kabla hata ya kuhesabu upepo, kwa hiyo koti nene likae mkononi mwa mtu na si ndani kabisa ya begi. Ulivue picha inapopigwa, ulivae tena mara moja. Nguo za ndani zisiwe za pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukupoza mwili.

Mkipita mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, jihadharini na ugonjwa wa mwinuko. Kichwa kikiuma, na kikifuatana na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, acheni kupanda. Dalili zikizidi, shukeni, hata kama mwanga uko katika uzuri wake wote. Hapa ninaomba mkubaliane jambo moja mkiwa bado chini: kila mmoja wenu watatu ana haki ya kusema "turudi", na akisema, hakuna wa kumbembeleza. Mwenzako amezoea milima, na mara nyingi mzoefu ndiye hukawia kutambua kwamba mwenziwe ameshindwa. Wekeni pia saa ya mwisho, ambayo ikifika kabla hamjafika mahali penu, picha zitapigwa hapo hapo mlipo.

Kuhusu mpiga picha, ombeni kuzungumza naye kwa sauti, na msiishie kwenye ujumbe wa maandishi. Mwulizeni kama ameshaitembea njia hiyo yeye mwenyewe, na kwa saa ngapi. Mwombeni awaonyeshe kazi moja nzima, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kuwa picha 10 bora za mwaka mzima hazikwambii atafanya nini katika asubuhi moja yenye ukungu. Mkataba uandikwe, nao useme wazi kitakachotokea hali ya hewa ikiharibika, na nani atashughulikia vibali. Hifadhi nyingi hudai kibali kwa upigaji picha wa kibiashara, na nyingine hukataza droni kabisa. Mwulizeni vilevile jinsi anavyopima mwanga kwa ajili ya nyuso. Mbele ya anga jeupe au theluji, kamera ikiachwa iamue yenyewe hutia giza picha nzima, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi. Mpiga picha mzuri atawaambia kwamba anapima usoni kwanza, kisha anaishughulikia anga baadaye.

Atakapokuwa kazini, msishangae akienda mbali nanyi. Lenzi pana akiwa karibu huufanya mlima uonekane kama kichuguu, lakini akirudi nyuma hatua 50 au zaidi na kutumia lenzi ndefu, ya milimita 85 hadi 200, kilele huonekana kimesogea na kusimama nyuma yenu kwa ukubwa wake. Tatizo ni kwamba kwa umbali huo sauti humezwa na upepo. Sisi tuliwahi kukubaliana na mpiga picha kwamba akiinua kofia tusimame, na akiishusha tuendelee kutembea. Tulikuwa tunaitazama ile kofia nyekundu ikipanda na kushuka huko chini ya njia, na hatukuhitaji neno lolote kwa muda wa nusu saa.

SWALI: Mimi na mume wangu hatuna uwezo wa kumlipa mpiga picha. Tuna simu mbili na tripodi ndogo, yaani miguu mitatu ya kusimamishia simu. Je, tunaweza kupata picha za maana mlimani sisi wenyewe? — Wawili tu

JIBU: Mnaweza, ndugu zangu, na mtakuwa na faragha ambayo wengine huikosa. Upepo ndio adui yenu wa kwanza. Shusheni ile miguu mitatu iwe fupi iwezekanavyo na muining'inizie mfuko wenye mawe katikati, ili isianguke na simu. Nunueni rimoti ndogo, kwa kuwa mtu anayebonyeza kitufe cha sekunde 10 kisha akakimbia juu ya mawe kuwahi pozi anaweza kuvunjika mguu. Kama simu yenu ina programu ya kupiga picha moja kila baada ya sekunde chache, iwasheni, mwondoke hapo, mtembee taratibu kuelekea kwenye simu huku mkizungumza mambo yenu; kati ya picha 100 mtapata 5 ambazo hamkujua kwamba zinapigwa.

Betri hupoteza nguvu upesi kwenye baridi, kwa hiyo simu ya pili na betri ya akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kama mnasafiri kwa ndege, betri za akiba ni za kwenye begi la mkononi, kwani haziruhusiwi kwenye mizigo inayopelekwa chini ya ndege. Na mkirudi ndani penye joto baada ya baridi kali, iacheni simu ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto polepole, la sivyo umande utatanda juu ya lenzi.

Jambo moja silipunguzi uzito: msirudi nyuma hata hatua moja huku mkitazama kioo cha simu. Ukingo wa genge uwe mbali nanyi kwa urefu wa watu wawili waliolala, na ikiwa mnataka ionekane mko ukingoni, isogezeni simu chini, karibu na ardhi, nayo itaificha nafasi iliyobaki kati yenu na genge. Bakini pia ndani ya njia. Mimea ya milimani hukua polepole mno, na alama ya mguu mmoja inaweza kukaa miaka.

SWALI: Mume wangu ni mtu wa furaha, lakini kamera ikielekezwa kwake hukakamaa kama mti. Tumelipia picha za mlimani na ninaogopa zitaharibika. — Mke mwenye wasiwasi

JIBU: Dada yangu, usimwambie atabasamu. Mpe kazi. Mwombe akufunge kamba za viatu, akumiminie kinywaji cha moto kutoka kwenye chupa ya chai, akushike mkono kwenye jiwe refu, au akuonyeshe kwa kidole mahali mlipolala jana. Mpiga picha naye aelezwe mapema kwamba asihesabu "moja, mbili, tatu" kwa sauti, maana ndipo mabega hupanda masikioni. Picha za mwanzo zipigwe mkiwa mnapanda, pumzi zikienda mbio, kwa sababu mtu anayetafuta pa kukanyaga hana nafasi ya kukumbuka kamera. Mkifika juu atakuwa ameshaizoea, na kama bado, simameni mkitazama bonde na kuwapa kamera migongo, kichwa chako kikiwa kimeegemea bega lake.